Tulipofurahia Kimya cha Nasoro

Mjukuu wangu Salma,

Sisi huku Wingwi hatujambo, na ng'ombe wetu kazaa. Umeniuliza, mwanao mwenye tetekuwanga apelekwe hospitali wakati gani.

Nilipokuwa mtoto, mdogo wangu Nasoro, hata ziwa hajaacha, alipata tetekuwanga, akajikuna na kulia mchana kutwa. Kisha akanyamaza. Mama akasema, "Mwenye tete akilala haamshwi." Tukafurahi, tukaenda uani kuchambua karafuu. Tuliporudi, hakuamka kunyonya, na pumzi zilikwenda mbio. Hospitali ya Wete ilikuwa mbali kwa miguu. Baba alimbeba kwenda, akamrudisha kutoka njiani, kamfunika uso.

Mwanao akijikuna na kulia, mbembeleze. Akikataa maji, akihema mbio, au ukimwamsha asiamke, mbebe uende.

Watu hunicheka, lakini mtoto mgonjwa akilala, mimi humwamsha.

Bibi yako,
Fatuma