Mama Kikao, Waliokukana Ulikaa Nao Meza Moja

Mwaka umetimia leo, Mama, tangu asubuhi ile ulipoinama kufunga kamba za viatu na hukuinuka tena.

Ulikuwa afisa ustawi wa jamii kwa miaka ishirini na sita. Namba za simu za watu uliziandika kiganjani, ukishanawa unatulaumu sisi. Chai hukuwahi kuinywa ya moto, maana simu ilikuwa sikioni: mara wodini, mara polisi, mara chama cha watu wenye ulemavu. Kila ofisi ilikuwa na jibu lake moja, "Huyo si wetu." Uliwachosha mpaka wakakubali kukaa pamoja kila Alhamisi, kwenye chumba kile nyuma ya dirisha la dawa la hospitali, kumzungumzia mgonjwa mmoja mmoja kabla hajarudishwa nyumbani. Wakakupachika jina la Mama Kikao. Ulilipenda, ingawa ulijifanya kununa.

Halafu likatokea la fundi seremala, mzee asiyeona, aliyeishi peke yake. Kikao kilikubaliana asitoke wodini mpaka upigiwe simu, umtafutie mtu wa kumhudumia. Ijumaa kitanda kikahitajika, wakamtoa. Hakuna aliyekupigia. Jumanne majirani walivunja mlango, wakamkuta sakafuni, amefariki.

Ulimlilia kama baba yako mzazi.

Uchunguzi ulipoanza, wakuu wa ofisi ulioketi nao miaka minne waliandika barua, kila mmoja ya kwake, na zote zikasema kitu kimoja: mzee alikuwa mikononi mwako. Mganga mkuu naye akaandika. Yule uliyemwita "mdogo wangu", aliyekuja mgeni ukamzungusha nyumba kwa nyumba mpaka akazijua njia zote, aliyekula kwetu kila Jumapili. Ulimfuata ofisini kwake, na jioni ukatusimulia mlivyozungumza.

"Dada, nielewe. Nina hospitali nzima ya kuilinda."

"Na mimi?"

"Wewe ni mtu mmoja. Itapita."

Wakakuvua uongozi wa kikao, wakakupa meza masjala, upange mafaili. Mbele ya watu hukulalamika. Sisi ulituambia mara moja tu, ukimenya viazi: "Wangenigombeza ningevumilia. Wamenikana." Jumapili ukaacha kabisa kukaa sebuleni. Miezi saba baadaye ukatutoka.

Mazishini mganga mkuu alisimama na karatasi mkononi, azungumze. Baba hakupandisha sauti. "Kaa, shemeji. Ya kwako ulishayaandika." Akakaa.

Miezi mitatu iliyopita alikuja nyumbani aliyekuwa karani wa kikao. Walikuwa wamemhamisha mbali. Alileta nakala ya muhtasari wa Alhamisi ile, akalia, kisha akasema kwamba aliogopea kibarua chake, na kwamba uliwahi kumwambia asijiingize. Makubaliano yameandikwa pale wazi, na sahihi zao zote ziko chini, ya mganga mkuu ikiwa ya kwanza. Baba aliupeleka mwenyewe kwa wachunguzi, kwa mguu.

Barua ya kukusafisha imefika wiki iliyopita. Ina mistari mitatu, na bahasha ina jina lako, kana kwamba ungeifungua wewe.

Wanasema vikao vimeanza upya, na wameomba chumba kile kiitwe kwa jina lako. Baba amekataa. "Kama mnataka kuandika jina ukutani," amewajibu, "andikeni la yule fundi. Mlisome kila mkikaa."



Mama, wewe labda ungeshawapigia simu, kwa sababu wagonjwa hawasubiri watu wapatane. Sisi hatujafika huko, na hatutakudanganya.

Unakumbukwa na mumeo, sisi wanao wanne, wakwe zako, wajukuu uliowafundisha kusalimia kila mlango, dada yako anayeendelea kuvaa sweta lako, na karani, ambaye ameomba awekwe hapa nasi. Siku zote uko nasi, na jina lako ni safi.