Mshumaa na Kibuyu cha Mama

Garsen, Alhamisi

Lakini tangu lini mtu akaapa kwa mshumaa? Mpaka sasa nimekasirika. Nimetamani kuingia chama cha madada wa chuoni kwetu tangu nianze masomo, maana hawamwachi mwenzao peke yake na shida. Leo wakanishikisha mshumaa, eti niape kwa moto wake kwamba sitawasaliti.

Nikauweka mezani. Nikawaambia mimi Mwislamu, naapa kwa Mungu tu, na jina lake silitumii kwa mambo ya chama.

Wengine wakaguna. Mwenyekiti wao, Mercy, Mpokomo wa kijiji cha Wema, akaniuliza, "Sasa tutakuaminije, Halima?"

Nikatoa kibuyu cha maziwa nilichopewa na mama. "Nyumbani kwetu mtu hatumwapishi. Tunampa maziwa. Akishakunywa, ni wetu, na sisi ni wake."

Nikamimina kikombeni, nikampa Mercy. Wapokomo wenye mashamba na sisi Waorma wenye ng'ombe tumegombania maji ya mto wa hapa tangu zamani. Angekataa, nisingerudi tena pale.

Mercy akanusa, akakunja uso, akanywa yote.

"Yana moshi!"

"Mama hufukiza kibuyu. Utazoea."

Akauzima mshumaa kwa pumzi moja, akanirudishia kikombe nimjazie dada wa pili. Wakanywa wote.

Kinachonitia wasiwasi ni mama. Akisikia habari za mshumaa atafoka kweli kweli. Nitamwacha amalize, halafu nimwambie kibuyu kijacho kiwe kikubwa.