Jibu Nililomwandikia Daktari

Dada Mwanaidi,

Majibu ya kile kinundu walichokukata mkononi yalifika siku tisa baada ya kukuzika. Yalipitia mezani kwangu, maana karani wa kufungua barua za hospitali ni mimi. Niliyasoma nimesimama, kisha nikakaa.

Si mizimu, Dada. Baba anasema wazee wamekasirika kwa kuwa tulihamia kijiji cha ujamaa tukayaacha makaburi yao. Majibu yanasema ni mtoto wa tegu, yule mnyoo wa nguruwe, aliyejifunga ndani ya kifuko kidogo cha maji. Daktari anaamini vifuko kama hicho vilikuwa kwenye ubongo wako, ndivyo vilivyokuangusha mara zote zile, mpaka siku ile ulipoangukia lamboni ukichota maji peke yako.

Unakumbuka alivyouliza nilipokuleta Korogwe? "Nyumbani kwenu nani anakula nguruwe?" Ulicheka mpaka ukashika mbavu. "Daktari, sisi Waislamu! Muulize karani wako huyu." Nami nikaandika: hakuna.

Dada, nilikula. Shuleni, bwenini, vijana wa kambi za mkonge walikuwa wakileta nyama ya kuchoma, na mimi sikutaka waniite mshamba. Baadaye nikaanza kuona chooni vipande vyeupe, bapa kama tambi. Nikanyamaza. Nilimwogopa Baba kuliko mnyoo.

Nilimwendea daktari, nikajifanya naulizia mtu mwingine: asiyekula nguruwe anavipataje vifuko hivyo? Akasema havitoki kwenye nyama. Mwenye tegu tumboni hutoa mayai chooni, asiponawa vizuri yanabaki mikononi, naye anashika chakula cha wenzake.

Kila likizo mimi ndiye niliyekata kachumbari. Ulikuwa ukiniita kwa sauti ili majirani wasikie, "Msomi, njoo ufanye kazi yako, jembe limekushinda!" Halafu unakula, unamlisha na mwanao Siwema, meno hayajamtoka yote.

Siwema amekakamaa mara mbili tangu ulipoondoka. Baba alisema ni degedege, akatafuta mbuzi mweusi wa kwenda kuchinja makaburini. Nikisema, nampoteza Baba. Nikinyamaza, mwanao anatibiwa kwa mbuzi. Nilikaa hivyo wiki nzima, nikinawa mikono mpaka ngozi ikapasuka.

Mwishowe nilipeleka choo changu kipimwe. Mayai yalionekana. Daktari amenipa dawa, akaniambia hakuna anayeweza kuapa kwamba ni yangu yaliyokupata. Kijijini tunakula na kuchota maji pamoja watu wengi. Nimejaribu kujificha nyuma ya maneno hayo. Sienei.

Jana nilipanda basi hadi Mkata, nikatembea mpaka nyumbani, nikamweleza Baba yote. Mbuzi alikuwa amefungwa mlangoni. Hakunipiga. Aliuliza, "Na mtoto huyu, atapona?" Nikasema sijui. Akamfunga kwa kanga yako, akamweka mikononi mwangu.

"Mpeleke. Akipona, atarudi na mtu mwingine."

Siwema yuko wodi ya watoto. Wameanza kumpa dawa ya kifafa, na asubuhi hii alikunywa uji wote, uliopikwa na muuguzi, si mimi.

Pumzika, Dada. Sikuombi unisamehe leo. Nakuahidi hili moja: Siwema akikua, akauliza mama yake alikufa kwa nini, sitamwachia mtu mwingine amjibu.

Mdogo wako,
Hamisi