Visiki Nilivyofunika Udongo

Yaya Kalume, kaka yangu mukubwa,

Ni mimi, mudogo wako Antoni. Usicheke mwandiko wangu. Nimesoma miaka mitatu tu, lakini ni mitatu zaidi yako, na kapita, musimamizi wa shamba, ulikuwa wewe.

Tangu shimo la dhahabu kule Salamabila likufunike, hapa Kasongo mambo iko mengine. Mbwa wako amehamia kwa jirani, hana haya. Mimi nimekuwa murefu, wasichana wananitazama. Wewe hawakukutazama hata na lile koti lako la ukapita. Mama amekonda, Yaya.

Nikuambie neno. Unakumbuka zile sapini za shamba la Serikali, miti ya Kizungu yenye majani kama sindano? Kabla ya kuzipanda ulisema: “Antoni, ng'oa visiki vyote na mizizi yake.” Nikajibu kwamba mikono yangu ingeng'oa hata kilima. Ukaniamini.

Sikung'oa. Mvua ikianza, kwenye visiki vile ndiko unatokea uyoga ambao Mama anaupika na mawese. Kwetu nani anang'oa kisiki chenye uyoga? Nikavikata chini kabisa, nikavifunika udongo, nikajisifu kwako.

Sapini zikawa njano, zikakauka moja moja. Muzungu wa mashamba akasema kapita hamwagilii. Wewe, uliyebeba maji kutoka mutoni hata siku za homa. Akakufukuza mbele ya watu, ukaenda Salamabila. Nilikuwa pale, ndoo mukononi. Mimi ninayesema hata kanisani, siku ile nilinyamaza.

Mwezi huu niling'oa sapini moja iliyokufa. Chini ya gome kulikuwa na ukungu mweupe, na kwenye mizizi nyuzi nyeusi, nene kama kamba za viatu. Nikazifuata kwa jembe. Zikanifikisha kwenye kisiki changu. Sapini ya pili, vilevile. Zile zilizo mbali na visiki ziko kijani, zimenipita kimo. Ugonjwa ulitoka kwa jirani wa sapini, ndicho kisiki, na jirani huyo nilimuacha mimi.

Nikaenda kwa Muzungu, nikasema yote. Nilingoja fimbo. Aliinama, akaangalia mizizi, kisha akauliza: “Kapita gani?” Jina lako alikuwa amelisahau. Nikalitaja mara tatu, mpaka akaliandika.

Lakini Mama bado anaamini ulifukuzwa kwa uvivu. Akikulilia, anakugombeza katikati ya machozi: “Ungemwagilia tu, mwanangu, ungekuwa hapa.” Nami nakaa karibu yake, nakula.

Basi lala, Yaya. Visiki vyote nitaving'oa, na mizizi yake, hata mikono ichubuke. Na Mama nitamwambia Jumapili hii, tukitoka misa, kabla hajanipakulia. Akishanipa chakula, sitaweza kusema.

Mudogo wako,
Antoni