Mipira Iliyobaki Kwenye Sinia

Magomeni, Mtwara
20 Oktoba 2003

Kwa shemeji yangu Shabani,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima, watoto wanakwenda chuoni, na mdogo wako Kassimu anakusalimu sana. Natumaini nanyi huko Kitaya hamjambo, na mguu wa mama umeanza kupungua uvimbe. Ningekuuliza habari za mihogo na za majirani mmoja mmoja kama ilivyo desturi, lakini leo unisamehe, salamu nazikata. Pikipiki iache hapo hapo ilipo. Usimpakie mama Ijumaa kumleta hospitali. Usimpakie mtu yeyote.

Najua unacheka. Utasema, Nasra naye kwa hofu zake! Haya cheka, lakini soma mpaka mwisho.

Danieli, yule dereva wa lori la korosho, alipita hapa jana akatupa salamu zako. Akasema una furaha kweli kweli, kwamba tangu Kassimu akutengenezee breki ya mbele inashika kuliko ilivyokuwa mpya, ukiigusa tu pikipiki imesimama. Akasema abiria wako wote wa kivuko cha Kilambo umewahadithia kwamba una mdogo fundi. Kassimu alitabasamu mpaka nikamwonea huruma. Halafu Danieli akaongeza, kama kichekesho, kwamba ukifika kivukoni gurudumu la mbele linakuwa la moto, na ulipolimwagia maji ya mto likatoa mvuke. Shemeji, mimi sikucheka!

Wewe unajua kazi hii tunaifanya wote wawili hapa uani. Yeye anafungua kalipa, kile chuma kinachoibana diski ya gurudumu, anaisukuma pistoni, kipande cha ndani kinachoikandamiza breki, mpaka itoke. Mimi naosha vyuma kwa sabuni na mswaki mkuukuu, nakausha juani, napanga kwenye sinia. Ile mipira ya zamani inayoizunguka pistoni hatuitupi. Anaisafisha kwa mafuta ya taa ili niende nayo dukani kama kipimo, wasije wakanipa isiyoingia. Sasa mpira ukilowa mafuta ya taa unavimba. Unanenepa, unakuwa laini, ukiushika unadhani umetoka dukani leo. Wako mafundi wanaofanya hivyo makusudi, wanamfungia mtu mpira wake ule ule mbovu na kumwambia ni mpya. Kassimu akiwasikia hao huwatukana mpaka nafunga mlango watoto wasisikie.

Mpira uliovimba unaing'ang'ania pistoni. Siku za mwanzo breki inashika sana, ndiyo hiyo raha unayoisifia. Lakini ukiiachia haiachii. Inaendelea kusugua, moto unapanda, mpira unaliwa ndani kwa ndani na mafuta ya breki yanaanza kuvuja. Halafu siku moja, na mara nyingi ni mteremkoni ukiwa na mtu nyuma, unabana breki mkono unakwenda wote mpaka mwisho, na pikipiki haina habari na wewe. Huo mteremko wako wa kushukia mtoni naujua. Chini yake hakuna kitu ila maji.

Siku ulipoleta pikipiki nilinunua mipira mipya nikaiweka kwenye sinia, na ile ya zamani ukingo wa pili. Kabla hajaifunga nikaitwa Mikindani kwenye msiba wa shangazi yangu Mwanaidi. Niliporudi wewe ulikwisha ondoka. Nikainua tambara ili nioshe sinia, nikaikuta mipira mipya ipo pale pale, myeusi, inang'aa, na ule unga wake wa dukani. Ya zamani haipo. Nilimwuliza Kassimu, akaja juu. Akasema amefunga mipya kwa mikono yake, na kama kuna mingine basi mwenye duka alinizidishia. Tangu siku hiyo natafuta mtu wa kuja huko Kitaya, simpati, mpaka Danieli alipopita jana.

Utajiuliza, fundi wa umri wake anakoseaje mpira mweusi unaong'aa na uliochujuka kama majivu? Mtoto hakosei. Shemeji, haya ni ya chumbani kwangu, nami nilijiapiza sitayatoa nje. Lakini sasa ni mama. Kassimu haoni. Ilianza mfungo uliopita, kidogo kidogo, na sasa giza limemfunga kabisa. Wateja anawajua kwa sauti. Jirani yetu Rozalia alimpa mkono wiki iliyopita, mkono ukabaki hewani, akaondoka anasema fundi siku hizi anaringa. Viatu vyake namwekea mlangoni, kila siku mahali pale pale, na wala hajaniambia neno, wala mimi sijamwambia. Anaogopa kwamba fundi asiyeona si fundi tena, si mume, si mtu. Kwa sasa hakuna kalipa inayotoka uani bila macho yangu kuipitia. Yako ndiyo iliyonipita.

Basi njoo na mama kwenye lori la Danieli, nimeshazungumza naye. Wewe ni kaka yake, umwambie wewe aache kazi aende akatazamwe macho. Mimi nikisema nitakuwa nimemvua nguo. Na usijaribu kuirekebisha hiyo breki mwenyewe, shemeji, nakujua kwa ujuaji wako!

Ninapoandika haya yuko mbele yangu, hatua mbili tu, amegeuza uso huku kama anayenitazama. Ameniuliza nakuandikia nini. Nimemwambia salamu. Akasema niandike kwamba breki ile ni kazi ya mkono wake, umpakie mama bila wasiwasi. Nimemjibu nimeandika. Halafu akanyoosha mkono akataka kalamu, atie sahihi mwenyewe kama kawaida yetu. Nilimpa. Sikumshika mkono kumwonyesha mahali, nilishindwa. Hiyo sahihi unayoiona pale juu, imekaa katikati ya barua, juu ya maneno niliyoandika kwamba haoni. Ameniuliza kama imekaa vizuri. Nimemwambia imekaa vizuri.

Mama mshikie mkono kwa niaba yangu, na wote wa nyumbani uwafikishie salamu. Ijumaa nitasimama barabarani nalingoja lori.

Ni mimi shemeji yako,
Nasra