Sauti ya Mikono ya Sumie

Kawane, 20 Mei 1983

Mpwa wangu Itsuko,

Kosa la watu wengi ni kuuliza chai ya kijani inaponya nini, badala ya kuuliza inywewe vipi na lini. Kwa hiyo, kabla hujafungua kifurushi hiki, nisikilize.

Hujambo lakini? Sisi huku hatujambo, ila magoti yangu ndiyo yanayolalamika. Hii ni chai ya mchumo wa kwanza. Usiimwagie maji yanayochemka. Yaache yapoe mpaka uweze kushika kikombe bila kukunja uso, maana maji makali huutoa uchungu wake wote kwa pupa. Ukiitendea kwa upole inachangamsha bila kumtetemesha mtu, akili hutulia, na wapo wataalamu wanaosema hata moyo na mishipa hufaidika. Lakini ni chai, Itsuko, si mganga.

Najua kikombe cha kwanza utamwekea mama yako kwenye kabati la kuwakumbukia marehemu. Vizuri. Dada yangu hakupenda kungojeshwa hata alipokuwa hai.

Daktari anasemaje kuhusu damu yako?

Mjomba wako,
Tokuzo


Hamamatsu, 9 Juni 1983

Shikamoo mjomba,

Natumaini magoti yametulia. Chai ni tamu mno. Kila asubuhi namwekea mama, nagonga kengele yake, namsalimu. Nikimaliza kuvaa nakiteremsha kikombe na kukinywa mimi, maana mwenyewe alikataza chai ya marehemu isimwagwe. Ndiyo ninayomezea vidonge vya kuongeza damu, ili mama aone ninavyopona.

Ila damu haipandi. Daktari amenipima tena, akanitazama. "Dada, vidonge vyangu unameza au unalisha njiwa?" Kiwandani wamenipa jina, Unga, kwa jinsi uso wangu ulivyopauka. "Wewe Unga, leo umejipaka mara ngapi?" Nacheka nao, halafu nakaa kwenye ngazi kutafuta pumzi.

Kuna jambo sijamwambia daktari. Chumba kikiwa kimya, namsikia mama. Si maneno. Ni ile sauti ya viganja vyake akifikicha majani juu ya meza ya kukaushia: shaa, shaa, shaa. Mwanzoni ilikuwa mbali. Sasa iko sikioni mwangu.

Usicheke, mjomba.

Mpwa wako,
Itsuko


Kawane, 14 Juni 1983

Mpwa wangu,

Marahaba. Sicheki.

Kwanza, vidonge. Unajua ule ukakasi wa chai unaoushika ulimi? Huo huo unaosifiwa kwa mengi hukamata madini ya chuma tumboni, yasiingie kwenye damu. Wewe unameza dawa na kinyume chake kwa funda moja. Mama yako mpe chai, vidonge vyako vipe maji. Na wewe kunywa chai yako saa nyingine, mbali na dawa na mbali na chakula.

Pili, hiyo sauti. Ikija, weka vidole viwili penye mshipa wa kifundo cha mkono. Damu ikipungua sana, moyo husukuma kwa nguvu hata mtu akasikia mkondo wake mwenyewe sikioni. Niambie kama sauti na mapigo vinakwenda pamoja. Na daktari mwambie pia, tafadhali.

Mjomba wako,
Tokuzo


Hamamatsu, 16 Julai 1983

Shikamoo mjomba,

Mimi mzima, wewe je?

Vinakwenda pamoja. Kila shaa ina pigo lake.

Nilifuata maagizo yako. Nikapata nguvu, hata kiwandani wakaacha kuniita Unga. Lakini sauti ilianza kufifia, na Jumapili sikuisikia kabisa. Nilikaa mbele ya kabati la mama toka asubuhi, nikiziba masikio kwa viganja, nikimtafuta. Hamna. Tangu afe sijawahi kulia vile.

Vidonge nimevitia kwenye droo. Chai nakunywa nzito, pamoja na chakula na bila chakula. Mama ameanza kurudi.

Usiniandikie maelezo tena. Nimeyaelewa yote, mjomba. Nimechagua tu.

Mpwa wako,
Itsuko


Kawane, 17 Agosti 1983

Itsuko, mwanangu,

Barua zangu mbili hukuzijibu. Siku za Bon, wafu wanaporudi makwao, niliweka mto wako wa kukalia ukumbini na hukuja. Jana mama mwenye nyumba wako alinipigia simu. "Mzee, binti yako anapanda ngazi kama mimi, na mimi nina miaka themanini. Nikimsemesha ananiambia nyamaza, mama yuko kazini."

Basi leo sikuelezi kitu. Nakusimulia.

Siku ya kuwapokea wafu niliwasha mkaa chini ya meza ya mama yako Sumie, ambayo hakuna aliyeigusa tangu tumpoteze. Bibi Kiyo wa jirani akachungulia: "Mwalimu! Na mikono hiyo ya chaki? Unataka kuwalisha wafu nyasi?" Nikamwambia aende zake. Nikamwaga majani ya mchumo wa tatu, nikasimama kulia, kama tulivyosimama utotoni, nikimwachia dada kushoto kwake. Nikafikicha. Ile sauti ikaja, na nilijua ni viganja vyangu.

Kisha nikaacha kufikicha ili nijifute jasho. Sauti haikukoma mara moja.

Nilipotazama, majani ya upande wangu yalikuwa mavumbivumbi, kazi ya mwalimu mstaafu. Ya upande wa kushoto yalikuwa yamesokotwa, membamba, yamenyooka kama sindano. Nimefundisha sayansi maisha yangu yote, na hapa sina cha kuandika ubaoni.

Mama yako haishi kwa damu yako, Itsuko. Alikuja kwao, mezani pake, akafanya kazi yake bila kumdai mtu chochote. Ukitaka kumsikia, uje usimame pale niliposimama mimi, ila meza ile inataka miguu isiyotetemeka.

Barua hii ikikufikia nitakuwa kwenye gari moshi, nakuja kukupeleka kwa daktari. Usiningoje. Leo hii fungua droo, meza kidonge kimoja kwa glasi ya maji.

Mjomba wako,
Tokuzo