Lango la Tawi la Miiba

Jumanne, Marungu

Mghoi amelifuta lango letu. Kwenye ramani ya mtandaoni tunayochora pamoja, pale njia ya kisimani inapokata fensi ya miiba ya ranchi, sasa kuna fensi moja kwa moja, na aliyebadilisha ni yeye.

Nimempigia simu.

"Tawi la kuvuta si lango, dadangu. Bosi anasema hiyo ni fensi tu."

Bosi! Kumbe siku hizi anafanya kazi kwa mwenye ranchi. Na mimi ndiye niliyemfundisha kuchora.

Mwenye ranchi akiziba njia, ataonyesha ramani hiyo hiyo kuthibitisha kwamba hapana lango. Tutachota maji wapi?

Jioni nimeenda kisimani. Nimelivuta tawi, nimepita, nikalirudisha, vile mamake Mghoi alivyotufundisha sisi wawili tukiwa wadogo.